AI kwenye mahudhurio: inasaidia sana, ila zamu ya usiku iangalieni
Wenye mashine za kidole za mahudhurio ofisini ijaribuni hii AI (akili bandia). Niko utumishi hapa Tabora mjini, mwisho wa mwezi ilikuwa kukesha na Excel, sasa naipa faili la mashine nauliza kwa Kiswahili tu nani anachelewa na siku gani, inajibu fasta na jedwali inakupangia. Shida ni walinzi, mtu kaingia saa 12 jioni katoka saa 12 asubuhi, yenyewe inasoma siku ya kwanza hajatoka, ya pili hajaingia, mpaka uielekeze kwamba zamu inavuka saa 6 usiku ndo inakaa sawa. Majina toeni kabla ya kupakia, bakizeni namba za wafanyakazi tu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Na mshahara wa mtu usikatwe kabla hujafungua faili lenyewe ukahakikisha.