Forecast Sheet ya Excel: Maoteo ya Mauzo kwa Kiwanda Kidogo

Kiwanda kinachosaga unga wa ngano hakiwezi kungoja oda za mawakala ndipo kiagize ngano, kwa kuwa shehena ikitoka ng'ambo huchukua wiki kadhaa kufika bandarini. Viwanda vingi vinavyofanya hesabu zake kwa Excel tayari vina chombo cha kukadiria mahitaji hayo, yaani Forecast Sheet iliyoingizwa katika toleo la 2016.

Matumizi yake ni mepesi. Safu ya kwanza huwekwa tarehe, ya pili idadi ya mifuko iliyouzwa, kisha kitufe cha Forecast Sheet kilicho kwenye kichupo cha Data huchora mstari wa makadirio ukiwa umezungushiwa mistari miwili myembamba, mmoja juu na mwingine chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, yaani mauzo halisi yanatarajiwa kuangukia kati ya mistari hiyo mara 95 kati ya 100. Kanuni ya hesabu inayotumika ni ya watafiti Holt na Winters, ya tangu 1957 na 1960, ambayo huyapa mauzo ya karibuni uzito zaidi kuliko ya zamani. Binafsi nauthamini zaidi mstari wa juu, kwa sababu ndio unaonisaidia kupanga akiba ya tahadhari ghalani.

Udhaifu wake mkubwa kwa soko la Pwani ni Ramadhani. Ukiiambia kwamba msimu ni miezi 12, programu huamini kuwa kilele cha mauzo hurudi mwezi uleule, ilhali Ramadhani hutangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka: mwaka 2023 sehemu kubwa iliangukia Aprili, na mwaka 2025 karibu yote ilikuwa Machi. Hakuna mahali pa kuingiza kalenda ya Hijria, hivyo afisa mauzo hana budi kuhamisha kilele hicho kwa mkono, akikumbuka kwamba wauzaji wa jumla huanza kujaza maduka kabla mwezi haujaandama.

Jambo jingine ni la mtumiaji zaidi kuliko la programu. Mwezi ambao unga ulikwisha ghalani, mauzo huandikwa sifuri, nayo hesabu husoma kwamba wateja hawakutaka unga. Ni afadhali kuondoa mstari wa mwezi huo katika jedwali kabisa, kwani programu hujaza pengo kwa kuangalia miezi jirani, mradi mapengo yasizidi asilimia 30.

Kwa bidhaa tano au sita, ningeipendekeza bila kusita. Mwenye bidhaa mia ataichoka upesi, maana kila bidhaa huhitaji karatasi yake (sheet) ndani ya Excel.