Daunriga ya mkono kwenye boti ndogo, Ziwa Michigan: nimeitumia msimu mzima, haya ndo niliyoyaona

Kabla sijanunua hii kitu nilitafuta weee mtu aliyeiongelea kwa Kiswahili sikupata hata mmoja, zote Kizungu na zote za watu wenye boti kubwa zina mpaka choo ndani, basi naandika mimi mwenye boti ya bati ya futi 16. Ni daunriga ya kuzungusha kwa mkono, siyo ya umeme, niliagiza mtandaoni mwezi wa 4 kwa dola 190 na ushee. Kampuni siitaji maana mimi na wao tuna mambo ya waranti hayajaisha. Nipo Grand Rapids, Michigan, kazi yangu ya usiku, ziwa liko kama dakika 40 kwa gari na boti tunashushia Grand Haven.

Kwa asiyejua hiki kidude ni nini. Samoni wa Ziwa Michigan mwezi wa 7 na wa 8 hakai juu, juu maji yamechemka yanafika nyuzi 70 za Fahrenheit na yeye anataka 50 mpaka 55, so anashuka mpaka akute baridi yake, leo iko futi 60, kesho futi 90, inategemea upepo umelalaje. Ukipitisha ndoano futi 20 ni kama unapitisha maandazi juu ya paa na mwenye njaa kalala chumbani. Daunriga ni roda yenye waya, mwisho wa waya kuna donge la duara la madini ya risasi, langu lina paundi 10 yaani kilo 4 na nusu, chubwi ileile ya kwetu ila hii imenenepa. Mshipi wa fimbo yako ya kuvulia unaubana kwenye kibanio pale juu ya chubwi, unashusha vyote pamoja mpaka kina unachotaka, fimbo inabaki imepinda kama upinde, boti inatembea taratibu. Samaki akigonga mshipi unachomoka kwenye kibanio, fimbo inanyooka wima ghafla, af unapigana na samaki mwenyewe bila ule mzigo. Wazee wa pwani hii kazi ya kuvuta ndoano nyuma ya chombo wanaita kurambaza, sisi wa Mwanza tunasema tu kukokota.

Ndo hivyo, mimi mtu wa Ukerewe, nimekulia ziwani. Nilipofika huku nikajua ziwa ni ziwa. Siyo. Victoria ni kubwa zaidi kwa eneo sawa, lakini kina chake ni mita 80 hivi, hili linafika mita 281, na baridi yake mwezi wa 5 ukitumbukiza mkono vidole vinauma mpaka kwenye mfupa. Kinachofanana ni kimoja, hata samaki wenyewe wa kuletwa. Kwetu sangara waliletwa miaka ya 50 na 60, huku mwaka 1966 serikali ya jimbo ikamwaga vifaranga vya samoni aina ya koho ambavyo mayai yake yalitoka Oregon, mwaka uliofuata wakamwaga chinuki, yule mkubwa ambaye watu wa huku wanamwita king yaani mfalme, ili wawale wale samaki wadogo wanaoitwa alewife waliokuwa wamejaa ziwani wanakufa na kuoza kwenye fukwe. Nilivyomsimulia mwenzangu ninayevua naye, yeye wa Bukavu, akacheka akasema basi yaya (kwao ndo kaka), hata sisi tuko wa kuletwa.

Turudi kwenye daunriga.

Kwa nini sikuchukua ya umeme, maana ndo swali la kwanza kila mtu ananiuliza. Ya umeme bei yake ni mara tatu nne, hiyo moja. Ya pili boti yangu ina betri moja na hiyo betri ndo inawasha mota, sasa uko maili 4 nje daunriga imenyonya betri, utawasha na nini, maombi? Ya tatu uzito. Boti ya futi 16 na watu wawili wenye vitambi, mota ya nguvu za farasi 25, tangi, kuleman, lile sanduku la barafu, makoti, kila kilo inahesabiwa. Kwa mtu mwenye chombo kama changu ya mkono inatosha, na nasema chukua moja, siyo mbili. Sheria ya Michigan inaruhusu fimbo 3 kwa mtu, kwa hiyo sisi wawili tungeweza kutega 6, tulijaribu siku moja tu. Ilikuwa vurugu, mishipi imesukana kama nywele za mtoto wa kwanza wa shule. Sasa hivi tunatega 3, moja kwenye daunriga katikati nyuma, mbili pembeni kwenye dipsi, zile sahani za plastiki zinazozama zenyewe na kwenda upande. Siku nyingi hiyo ya daunriga ndo inaleta samaki.

Sasa ubaya. Kwenye boksi kuna kitako, boliti 4, washa 4, na karatasi ya maelekezo yenye picha ya boti nene ya faiba. Boti ya bati haijatajwa popote. Mimi nikatoboa ukingo wa boti nikakaza boliti na zile washa, nikaishika nikaitikisa, ngumu, nikasema tayari. Safari mbili za kwanza maji yalikuwa shwari kama chai kwenye sahani, hamna shida. Safari ya tatu upepo ukageuka kutoka magharibi, mawimbi futi 3, chubwi iko chini futi 85. Fikiria boti inapanda na kushuka na kila ikipanda inaivuta ile risasi ghafla, kile kitako kinapigwa nyundo kila sekunde nne tano. Mwenzangu ndo aliona kwanza, akasema yaya, ile kitu iko inatoka. Nikaangalia nikaona bati linapumua. Nasema kweli linapumua, linavimba linarudi, linavimba linarudi, na matundu ya boliti yashakuwa marefu kama jicho la mbuzi.

Hapo ndo unajua maana ya daunriga ya mkono. Mzunguko mmoja wa mpini unaleta futi moja, futi 85 ni mizunguko 85, huku umepiga magoti, mkono mmoja umeshikilia kitako kisiende majini na mwingine unazungusha, mwenzako kwenye usukani anahangaika kuweka pua ya boti kwenye wimbi. Nilihesabu zote 85. Chubwi ilipochungulia juu ya maji niliipenda kuliko samaki yeyote.

Tulirudi mdogomdogo. Na kuingia Grand Haven mawimbi yakiwa ya magharibi ni shughuli nyingine, kuna gati mbili ndefu zinaingia ziwani, ile ya kusini ina minara ya taa myekundu, wimbi linagonga ukuta linarudi linakutana na lingine, maji yanasimama kila upande hujui lipi linakuja. Hilo wimbi limetokea upande wa Wisconsin, zaidi ya kilomita 120 halijakutana na kitu cha kulizuia.

Nilivyofika nyumbani nikakuta kitako chenyewe, kile cha plastiki kinachozunguka, kina ufa. Nikawaandikia kampuni, nikatuma picha na risiti. Jibu likaja baada ya siku 9: ufungaji mbaya, waranti haihusiki. Sikatai, bati nilikosea mimi, ilitakiwa nyuma yake kuwe na kitu kigumu. Lakini plastiki kupasuka safari ya tatu na maelekezo hayasemi neno kuhusu boti ya bati, hapo na wao wana lao. Nimeandika tena mara mbili, ya mwisho wamesema "tunalifanyia kazi". Kitako kingine nimenunua kwa mtu, cha aluminiamu, dola 40, na safari hii nimeweka ubao wa plaiwudi chini ya ukingo na juu yake bamba la aluminiamu nene, boliti zinapita kote, hapo haitikisiki hata ukining'inia. Ukinunua hii kitu bajeti ya bamba uiweke humohumo, usinisikilize kwa lingine lolote ila hilo nisikilize.

Kaunta nayo ni mwongo. Inasoma 80 wakati waya umetoka kama 70, nimepima kwa futi kamba kwenye uwanja wa kanisa watu wananishangaa. Af hata waya ukiwa na futi 80 kamili chubwi haiko futi 80, ukitembea maji yanaisukuma nyuma, waya unalala. Kinachosaidia ni skrini ya sona, chubwi inaonekana pale kama mstari, samaki wanaonekana kama vitao, unaipandisha mpaka mstari upite juu yao kidogo maana samoni anapanda kufuata chakula, hapendi kushuka.

Spidi tunaenda maili 2.2 mpaka 2.6 kwa saa, tunaangalia jipiesi ya simu. Mota ya 25 haitaki kwenda polepole hivyo, ikishuka inakohoa, so tunakokota ndoo ya galoni 5 niliyoitoboa matundu chini, imefungwa kamba ubavuni. Watu wenye boti kubwa wakitupita wanapiga picha. Wapige.

Waya wenyewe wa chuma ni mzuri haujakatika, ila baada ya mwezi kuna nyuzi zake zinachomoza, imenichana kidole gumba mara mbili, vaa glavu. Na kuanzia mwezi wa 7 kuna kadudu ka majini kenye mkia wa mwiba, vinajikusanya kwenye mishipi maelfu, ukivuta unakuta donge kama ute wa bamia umechanganywa na pamba, linaziba pete ya mwisho ya fimbo na mshipi hauingii tena, samaki yuko upande wa pili anakusubiri. Kwenye waya wa daunriga unafuta kwa kidole unaendelea. Kwenye fimbo nimehamia mshipi mnene wa paundi 30, vimepungua.

Samaki sasa. Mwezi wa 8, upepo wa kaskazini ulipiga siku mbili, na ukipiga hivyo upande wetu maji ya juu yenye joto yanasukumwa kwenda mbali na ufukwe na ya baridi yanapanda. Tumetoka gatini saa 11 alfajiri giza totoro, nimeweka spuni, chambo cha bati, ya kijani inayong'aa gizani, unaimulika kwanza na tochi ya UV inawaka kama macho ya paka, nimeshusha futi 55. Hatujamaliza kutega ya tatu fimbo ikanyooka paa! Rili ikalia. Huyo samaki alichukua yadi mia na kitu bila kutuuliza, mwenzangu kashika fimbo anapiga kelele yaya iko inaenda, iko inaenda Wisconsin, mimi nazungusha chubwi kuitoa njiani mizunguko 55 jasho linanitoka na baridi ile, af nakimbilia mota tusije tukampitia. Dakika 20. Kwenye wavu alikuwa mweusi mgongoni, fedha ubavuni, fizi nyeusi, ndo chinuki huyo, paundi 18 kwenye mizani ya mkono. Asubuhi ile tulipata 3, jua lilipopanda wakanyamaza.

Kula wanalika, ila idara ya afya ya jimbo ina mwongozo wake, ziwa lina kemikali za PCB za viwanda vya zamani na zinakaa kwenye mafuta, so ngozi na mafuta ya tumbo vinatolewa na huli kila siku, hasa wajawazito na watoto. Mama watoto anatoa ngozi, anakaanga kidogo af anatia tui. Mwenzangu anapeleka kwake wanakula na sombe, yaani kisamvu.

Na mtu asiniulize kama natoka tena na mawimbi ya futi 3. Mwaka 1967, tarehe 23 mwezi wa 9, hao samoni ndo wameanza kupatikana kwa wingi, watu walijaa Platte Bay kule kaskazini na viboti vidogo kama changu, dhoruba ikawakuta humo, wakafa watu 7. Utabiri ukisema mawimbi futi 1 mpaka 2 natoka, ukisema 2 mpaka 4 narudi kulala, nimetoka kazini usiku mzima sina cha kupoteza.

Nyota 3 na nusu. Roda nzuri, waya mzuri, breki inashika vizuri, kitako cha plastiki ni aibu, waranti tutaona. Kaunta nimeibandika plasta nyeusi, nahesabu mizunguko kwa mdomo, na mwenzangu akisikia nimefika 40 anaanza kunitajia namba za simu za ndugu zake wote wa Bukavu.