Leza ya madoa ya uso: wameniunguza, halafu wakaniuliza mkorogo

“Kwani mama ulikuwa unapaka mkorogo?” Ndivyo nilivyoulizwa mapokezini pa kliniki ya leza, watu wamejaa kwenye viti, mimi nimejitanda khanga mpaka usoni kwa sababu shavu la kushoto limeungua. Binti mwenyewe umri wa kitinda mimba wangu. Shikamoo hakunipa, sauti hakupunguza.

Sijawahi kupaka mkorogo. Sijawahi! Mafuta yangu ni ya nazi tangu utotoni, na madoa haya ni ya jua, miaka na miaka ya kukaa sokoni. Na kama swali hilo ni la muhimu (daktari niliyemwendea baadaye kaniambia ni la muhimu sana), kwa nini hawakuliuliza kabla ya kuniwashia mashine? Siku ile waliniuliza kitu kimoja tu: nalipa taslimu au kwa simu. Hata kunijaribia padogo nyuma ya sikio, wakasubiri waone ngozi inapokeaje, hawakufanya.

Daktari alinifafanulia vizuri. Leza ya madoa inafuata weusi. Kwa Mzungu weusi uko kwenye doa, lakini kwangu mimi uko uso mzima, kwa hiyo mwanga usipochaguliwa vizuri unachoma na pasipo na doa. Ngozi zetu zinafaa zaidi kupigwa mwanga wa nanomita 1064 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), unaozama chini bila kunaswa sana na weusi wa juu. Ule wa 532 unanaswa juu pale pale, ndio wenye hatari ya kuunguza. Mimi nilipigwa upi? Niliuliza. Binti akanijibu, “Mashine ni ya kisasa, mama.” Jibu gani hilo?

Nilitaka niandike msiende kabisa, basi. Lakini haki isemwe: lile doa kubwa la shavu la kulia lilifanya gaga, gaga likadondoka, na sasa pamelingana na ngozi, hata wanangu wameona. Kazi leza inafanya, siwezi kuwadanganya. Kwa hilo ningewapa nyota tatu.

Nyota tatu za nini lakini? Shavu la kushoto lina baka jeusi kuliko doa nililolipeleka, na kupungua kwake naambiwa ni suala la miezi. Kila asubuhi napaka krimu ya kuzuia jua, kofia haitoki kichwani, biashara nimemwachia dada yangu. Nawapa moja, na hiyo ni ya yule mama wa usafi, mtu pekee aliyenikimbilia na maji baridi akaniambia pole.

Ukiamua kwenda, muulize anayekuhudumia ni mwanga wa namba gani kabla hujalala kitandani, na asipoweza kuitaja, inuka uondoke.

Juzi meneja amenipigia, ananipa awamu ya pili bure. Radhi hakuomba. Uso huu hawaugusi tena.