Neti za bomba za mwani: nimezitumia kusi na kaskazi, haya ndo niliyoyaona

Asalaam aleikum dada zangu wa mwani, wengi mnaniuliza hizi neti za bomba zinafaa au hela ya bure, basi mie nimezitumia hapa Paje, Unguja, tangu kusi iliyopita mpaka kaskazi hii, nasema nilivyoona mwenyewe.

Nilinunua kwa sababu ya kotonii, ile aina ya mwani yenye bei. Huku kwetu mwani unalimwa tangu 1989, mama yangu ni katika walioanza, na anasema zamani kotonii ulikuwa ukikua vizuri tu hapa karibu, maji ya magotini. Siku hizi kaskazi ikishika, maji yakitoka yanabaki madimbwi ya moto, unashika mwani umelegea kama uliochemshwa, ncha zimekuwa nyeupe, ukirudi baada ya siku chache matawi yamekatika. Ndo ule ugonjwa wa mwani tunaouita aisi-aisi. Mwani unajitengenezea chakula kwa mwanga, ule usanisinuru watoto wanaousoma skuli, lakini joto likizidi nyuzi 30 hivi kotonii unalemewa, jua lipo tele ila haliufai kitu, na ukishadhoofika bakteria ndo wanauingilia.

Sasa hii neti ni kama mfuko mrefu mwembamba, unauvisha kwenye bomba la plastiki, unasukumia mwani ndani ya bomba, kisha unalivuta bomba taratibu mwani unabaki kwenye neti. Unaitega maji makubwa kwa nanga na maboya. Kule maji yamepoa zaidi na mkondo unapita, halafu wimbi haling'oi matawi kama kwenye tai-tai, ile ya kufunga mwani kwenye kamba na pegi. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, amezihimiza sana. Nilihofia mwanga hautafika, kumbe mwani wetu una rangi nyekundu ndani yake, hata ukiuona kijani, na rangi ile inadaka mwanga wa buluu na kijani unaoshuka chini zaidi.

Kosa langu la mwanzo nilishindilia, nikidhani mwani mwingi ndo mavuno mengi. Nilipoifungua ile neti, wa nje mashaallah umenona, wa katikati mwembamba, umepauka, kwa sababu umefunikwa na wenzake haukupata mwanga. Mara ya pili nikaweka fumba moja, naacha shubiri, fumba jengine, na ukawa sawasawa mpaka kati. Na lazima uzikung'ute, tope na yale majani kama nywele yakizifunika ni sawa na kuuweka mwani gizani.

Malalamiko ninayo. Maboya niliyouziwa duka moja la mjini yaliingia maji wiki ya pili, neti mbili zikalala chini, samaki tasi wakaumaliza mwani, na muuzaji hakutaka hata kunisikiliza, imeniuma sana. Halafu wengi wetu hatujui kuogelea, bila ya chombo hufiki, sie tumechanga watu watano ndo tukakodi ngalawa. Aliye peke yake itamuwia ghali.

Nazipa nyota nne, kwa kotonii tu, maana bei yake inazidi na huku karibu na ufukwe haukai tena. Kwa spinosamu, ile aina nyengine ya mwani, usinunue, wenyewe mvumilivu kidogo, kamba na pegi zako zinatosha. Anayetaka kuona zinavyofungwa aje pwani bamvua lijalo asubuhi, nitakuwepo na bomba langu.