Tathmini ya huduma ya lishe kwa wakimbiaji wa masafa marefu jijini Mbeya

Nyanda za Juu Kusini hulisha sehemu kubwa ya nchi, lakini wataalamu wa lishe waliopo huku wamebanwa na kazi nzito zaidi kuliko mbio zetu, na wana haki ya kubanwa nayo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtu mzima mwenye afya njema anayeuliza ale nini kabla ya kukimbia kilomita 42 hawezi kudai nafasi ya mbele katika foleni hiyo. Kwa hiyo nilipoelekezwa kwa mtaalamu wa lishe wa hapa jijini ambaye jioni na siku za Jumamosi huwahudumia wakimbiaji na waendesha baiskeli, nilikwenda, na nimeitumia huduma yake kwa muda wa kutosha kueleza anachofanya vizuri na anachopaswa kurekebisha. Ofisi yake ni chumba kimoja, tena hajatundika hata kibao, hivyo sitamtaja jina. Klabu za mbio za hapa zinamfahamu.

Kikao cha kwanza huzidi saa moja, na sehemu kubwa ya muda huo ni maswali. Hutaka kujua unakimbia siku zipi na kwa muda gani, unapanda milima au unabaki barabara ya tambarare, na jana ulikula nini tangu uji wa asubuhi hadi kile kipande cha muhogo ambacho hukukihesabu. Kisha hupiga hesabu mbele yako. Mtu wa kilo 60 anayefanya mazoezi kati ya saa moja na tatu kwa siku huhitaji gramu 6 hadi 10 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, yaani zisizopungua 360 kwa siku, na siku za mapumziko kiasi hicho hushuka. Namba za namna hii mtu huzisikia na kuzisahau papo hapo, ndiyo maana mezani kwake kuna mzani wa jikoni. Alitwaa kiazi mviringo kilichochemshwa, akakiweka juu ya mzani, kikaonyesha gramu 150. “Kaka, hapa una wanga wa gramu 30 hivi,” alisema. “Sasa nihesabie mwenyewe sahani yako ya mchana.” Akafanya vivyo hivyo kwa ndizi na kwa upawa wa wali, na nilipotoka nilikuwa na uwezo wa kukadiria chakula changu kwa macho bila kubeba mzani.

Eneo analolimudu kuliko yote ni kula na kunywa njiani. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hutosha takriban saa moja na nusu hadi mbili za mwendo wa mashindano, na baada ya hapo miguu hugoma, hata moyo uwe na nia kiasi gani. Kwa mbio zinazozidi saa moja yeye hupanga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa, na kwa zinazozidi saa mbili na nusu huweza kufika 90, ila kwa sharti kwamba uwe mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, kwa kuwa sukari hizo mbili hupita katika njia tofauti za utumbo na hazigombanii mlango mmoja. Sukari ya kawaida ya dukani ni hizo mbili nusu kwa nusu, na kwa sababu hiyo kinywaji anachokifundisha ni rahisi mno: lita moja ya maji safi, vijiko vitano vya chakula vya sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi, na limau la kukata utamu. Hukataa mtu kukinywa kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Utumbo nao hufanyishwa mazoezi, husema, na kila mbio ndefu ya Jumamosi ni zamu yake.

Kiasi cha maji hakitoi kitabuni. Humtaka mteja ajipime uzito kabla na baada ya mbio ndefu, akiwa amejifuta jasho na amevaa nguo chache iwezekanavyo, na kila kilo iliyopungua huhesabiwa kuwa karibu lita moja ya jasho ambalo halikurudishwa. Kipimo hicho hakifanywi mara moja na kuachwa. Mtu anayepanda barabara ya Chunya kuelekea Kawetere alfajiri ya Juni, kwenye baridi inayouma masikio, hutoa jasho kidogo sana kuliko atakavyotoa akishuka kukimbia Kyela au Dar es Salaam, na mpango wa huku ukipelekwa kule bila kubadilishwa utamwangusha. Alinishangaza kwa msisitizo wake pale alipozungumzia hatari ya upande wa pili. Wakimbiaji wa mwendo wa taratibu, wanaokaa barabarani saa tano na zaidi na kunywa maji katika kila kituo kwa sababu wameambiwa wanywe, wanaweza kushusha sodiamu, yaani madini ya chumvi, katika damu hadi wakaumwa kichwa, wakatapika, wakachanganyikiwa, na hata kufa. Kanuni yake kwao ni kwamba asiwepo anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza.

Kwa siku mbili za mwisho kabla ya marathoni hupandisha wanga hadi gramu 10 au 12 kwa kilo. Kwa yule mtu wa kilo 60, gramu 600 ni zaidi ya kilo mbili za wali uliopikwa, na hata mchele uwe wa Kyela, hakuna atakayeumaliza. Hapo huugawa mzigo: uji uliotiwa sukari, mkate, ndizi mbivu, juisi, viazi, huku maharage na mboga za majani zikipunguzwa ili tumbo liwe jepesi. Wengi wetu tuliozoea kushindilia sahani moja kubwa usiku wa kuamkia mbio tulihitaji kuelezwa hivyo na mtu mwenye mzani mkononi.

Ushauri wake juu ya madini ya chuma ni sahihi, ingawa ni mgumu kumeza katika mkoa unaolima chai. Mwili unaoishi na kufanya mazoezi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kama hapa jijini, huhitaji chuma cha kutosha ili kutengeneza chembe nyekundu za damu, na chai inayonywewa pamoja na chakula hupunguza ufyonzwaji wa chuma, hasa kile cha maharage na mboga za majani. Hakuikataza, aliihamisha tu, inywewe saa moja au zaidi baada ya kula, na mahali pake mezani pachukuliwe na limau au chungwa, kwa kuwa vitamini C husaidia chuma hicho kufyonzwa. Vidonge vya chuma hatoi kwa kukisia. Kwanza hukuelekeza maabara ukapime damu, pamoja na feritini inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, kwani chuma kilichozidi nacho hudhuru.

Kocha wa klabu yetu alimpeleka binti mmoja anayekimbia vizuri, akaketi tayari kusikiliza, akaambiwa kwa upole, “Mwalimu, naomba utupishe kidogo.” Swali lilikuwa la hedhi, na kwa wasichana wote wanaokimbia huwa ni miongoni mwa maswali yake ya mwanzo. Wapo makocha wanaoamini kwamba hedhi ikikatika ni dalili ya mwili kukomaa kimazoezi. Ukweli ni kwamba mara nyingi huashiria chakula kisicholingana na mazoezi, hali ambayo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea tamko maalumu mwaka 2014, na ambayo huidhoofisha mifupa hadi ikapata nyufa. Wanaume nao hupatwa nayo, ila kwao haina ishara ya wazi namna hiyo. Kwa eneo hili peke yake ningewashauri makocha wote wa shule za sekondari wapite ofisini kwake.

Hauzi unga wa protini wala vidonge, na hiyo ni sifa kubwa. Tangu Alphonce Simbu atwae dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, vijana wa klabuni kwetu wamekuwa wakiulizia makopo ya kila aina mitandaoni. Yeye huwakumbusha kwamba kwa kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni, mwanariadha huwajibika kwa chochote kitakachokutwa mwilini mwake, hata kama kiliingia kupitia kopo ambalo lebo yake haikukitaja.

Upungufu upo. Karatasi ya mpango anayokupa imeandikwa kwa ajili ya mtu anayekula milo mitatu nyumbani kwake, wakati wateja wake wengi ni waalimu, mafundi na madereva wanaokula mchana kwa mama lishe, na haielezi hata kidogo uagize nini pale Mwanjelwa au Kabwe. Sehemu ya protini hutegemea mno mayai na nyama; ilibidi niulize ndipo dagaa, maziwa na maharage vikaingizwa, ilhali gramu 1.2 hadi 2 kwa kilo kwa siku zinafikika navyo bila kuvunja mfuko. Ufuatiliaji wa simu ni dhaifu: ujumbe wa Jumatatu unaweza kujibiwa mwisho wa wiki, na mpango usiorekebishwa kwa wakati hupoteza maana katika wiki za mazoezi makali. Ratiba yake pia haizingatiwi, na anayepangiwa saa kumi jioni ajiandae kuingia saa kumi na moja.

Kikao cha kwanza ni shilingi 40,000 na vinavyofuata 20,000 kila kimoja, vipimo vya damu ukivilipia mwenyewe maabara. Naona kiasi hicho ni halali kwa anayejiandaa na nusu marathoni au marathoni kamili. Kwa anayekimbia kilomita tano za kuchangamsha mwili ni gharama isiyo ya lazima, na yeye mwenyewe humwambia hivyo. Anayejiandaa na mbio hizo ndefu aende miezi mitatu kabla. Anayejitokeza wiki ya mashindano hutozwa bei ya ufuatiliaji tu, kwa kuwa ushauri atakaopewa ni mmoja: asile wala asinywe kitu ambacho hajakijaribu mazoezini.