Dar–Mwanza kwa kupitia KIA: uzoefu wangu

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wa Mwanza unapata kama kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga, zinazidi 1,100, na aliyewahi kupanda basi la alfajiri pale Mbezi hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo sina ugomvi na ndege. Ninachotaka kukizungumzia ni hii tiketi ya kupitia KIA, yaani uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ambayo mara nyingine huwa nafuu kuliko ya moja kwa moja.

Kabla ya kulipa niliangalia umbali kwenye programu ya simu. Dar–KIA kama 450, KIA–Mwanza kama 470, jumla 920 na ushei. Yaani unazunguka kilomita 70 tu, hata Dar hadi Chalinze haifiki! Hewani hizo ni dakika chache. Tatizo ni kwamba ndege haipiti KIA, inatua. Inashuka, inajivuta hadi maegesho, wa Moshi na Arusha wanateremka na mabegi yao. Sisi wa Mwanza tunaambiwa tubaki vitini na tufungue mikanda maana wanajaza mafuta. Wahudumu wanatuhesabu, wanarudia kutuhesabu, abiria wapya wanaingia, mtu kakalia kiti si chake. Ndipo ianze tena kupanda taratibu. Jeti ya moja kwa moja ni saa moja na nusu hivi. Hii ilinila karibu saa tatu.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii ni aina ya ndege, ingawa huwa imeandikwa palepale kwenye ratiba. Pangaboi, yaani ndege ya mapanga, kama ATR 72 hukimbia kilomita 500 hivi kwa saa, pangaboi nyingine, Q400, kama 650, na jeti ya Airbus A220 inafika 830. Kwenda Zanzibar, kilomita 73, tofauti hiyo huioni, maana ndege haijamaliza kupanda imeshaanza kushuka. Kwenda Mwanza unaiona vizuri sana, hasa ukiwa na mtoto mapajani.

Sifa nayo niitoe. Nilikaa dirisha la kulia na nikauona Mlima Kilimanjaro tukikaribia kutua, kisha Meru baada ya kuruka, halafu nyanda za Serengeti mpaka maji ya ziwa na mawe ya Mwanza. Ile ya moja kwa moja haikupi hayo.

Kama unawahi msiba au kikao, ongeza hela upande ya moja kwa moja, na ukipata jeti usiiache. Kama ni likizo, pitia KIA, ila anayekuja kukupokea mtajie saa ya kufika iliyo kwenye tiketi, asije akakadiria kwa mazoea. Na chagua ya asubuhi, maana ikifika mchana mlima mara nyingi umeshajifunika mawingu.