Mbu sugu wamejaa: ununue chandarua gani, na kipi ukiache dukani

Kabla hujatoa hela, geuza boksi usome maandishi madogo. Permethrini, deltamethrini, alfasaipamethrini, aletrini (kwenye boksi hukosa ile i ya mwisho): zote ni dawa za kuua wadudu za ukoo mmoja, pairethroidi. Mtu ana chandarua chenye deltamethrini, anapuliza kopo lenye saipamethrini, kisha anachoma dawa yenye aletrini, akidhani amejikinga mara tatu. Kwa mbu sugu, yaani aliyezizoea dawa hizo, hiyo ni silaha ileile iliyobadilishiwa kanzu.

1. Chandarua chenye alfasaipamethrini na klofenapiri

Kama kipo, usitafute kingine. Kinachojulikana zaidi ni Interceptor G2. Kilijaribiwa Misungwi, mkoani Mwanza, ambako mbu wamezizoea pairethroidi. Baada ya miaka miwili, watoto 45.8% waliopewa vyandarua vya pairethroidi pekee walikutwa na malaria. Kwa waliopewa hivi, 25.6%. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza.

Siri yake inanifurahisha. Mbu sugu ana vimeng'enya vingi vya kuvunja pairethroidi. Klofenapiri ikimwingia, vimeng'enya hivyohivyo ndivyo vinavyoigeuza kuwa sumu kali inayozinyima seli nguvu. Ujanja wake unamponza. Ila huua polepole, pengine siku mbili tatu, kwa hiyo usikirudishe dukani kwa sababu umeona mbu aliyekigusa bado anaruka.

2. Nyavu za madirisha

Hakuna mbu anayekuwa sugu kwa wavu mzima. Ziba na uwazi kati ya ukuta na paa, maana mbu wa malaria hupenda kupita hapo. Mpangaji atalazimika kumbembeleza mwenye nyumba, najua. Lakini mbu wa dengi, aliyelisumbua jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, wakati chandarua kimefungwa fundo juu ya kitanda.

3. Chandarua chenye PBO

Olyset Plus na PermaNet 3.0 ni mifano. PBO yenyewe haikusudiwi kumuua mbu; kazi yake ni kuvizima vile vimeng'enya ili pairethroidi ifanye kazi. Muleba, Kagera, vilifanya vizuri. Misungwi vilichoka mapema: baada ya miaka miwili malaria ilikuwa 40.7%, si mbali na vile vya kawaida. Nunua, lakini kikague matundu mara kwa mara.

4. Chandarua cha dawa moja

Mjamzito akipewa bure kliniki, akichukue. Kikiwa kizima bado ni ukuta kati yake na mbu. Vile vya kuning'iniza kwa pete vinavyouzwa barabarani vingi havina dawa kabisa, hata muuzaji aape vipi.

5. Mafuta ya kujipaka

Yenye DEET au ikaridini, kwa saa za barazani kabla ya kulala. Hufukuza, hayaui.

6. Kopo la kupuliza na dawa ya kuchoma

Mwisho kabisa. Ni pairethroidi tena, moshi unakera kifua, na mbu anayenusurika ndiye anayezaa. Ukijumlisha makopo ya mwaka mzima, hela hiyo ingeweka wavu kwenye dirisha la chumba cha watoto.

Chandarua kipya kianike kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Kukifua, tumia sabuni ya kawaida, na kukianika ni kivulini tena: jua huila dawa.